Jedwali la Nne

Kikaushio changu: mbao za mninga, nailoni angavu mita sita,
feni mbili za kompyuta mbovu, nilizonunua Mwanga kwa fundi Ruhwanya,
na kihisi cha unyevu, kidogo kama ukucha wa mtoto.
Nilikisimamisha Kibirizi, kando ya chanja za Mama Nzobona,
nikajiapiza: siku ishirini na moja, kila saa namba moja.
Asubuhi dagaa wabichi, jioni dagaa wakavu,
na katikati mstari unaoshuka
kama mtu mwenye adabu anavyoshuka ngazi.

Siku nane mstari ulitii.
Ya tisa mvua ilivuka kutoka Kongo bila hodi,
ikaichana nailoni, betri ikanywa maji,
kihisi kikanyamaza.
Ya kumi, kimya. Ya kumi na moja, kimya.
Kwenye daftari langu la kaunta
mistari sabini na miwili ikabaki mitupu.

Chuoni ukisema data zimepotea hakuna anayeshtuka.
Wanakwambia: pika.
Chukua siku ya saba, ongeza nukta mbili,
koroga na ya nane, onja.
Msimamizi ana ripoti arobaini na macho mawili.
Butoyi alinitumia hadi fomula, kwa simu, na kikatuni cha kucheka.

Nilipika. Sisemi nilishawishiwa.
Usiku mmoja tu, umeme wa Gungu ukikatika na kurudi,
na mstari wangu wa uongo ukatoka laini
kuliko siku zote za kweli.
Niliupenda. Niliuchapa kwa rangi.
Jedwali la nne. Kielelezo cha saba.

Siku ya kung'oa mbao, Mama Nzobona akaomba nimsomee kitabu chetu.
Ndivyo alivyokiita, chetu,
maana dagaa walikuwa wake, ndoo kwa ndoo.
Huu ni unyevu, nikasema. Hizi ni siku.
Akafuata mstari kwa kidole kilichonata magamba,
akahesabu kwa sauti, akapita ya tisa, akapita ya kumi,
akarudi.
"Hii si ndiyo tuliyomwaga ndoo mbili? Mbwa wakakataa?"
Ndiyo, mama.
"Mbona hapa wamekauka vizuri?"

Hakuwa ananisuta. Laiti angenisuta.
Alidhani nina mashine nyingine, nimeificha,
iliyookoa dagaa wa mvua,
akataka kujua inauzwa bei gani.

Treni ilipoacha stesheni nilifungua kompyuta magotini.
Sisi kwetu hatupiki, nikawaza, tunaanika.
Tunaanika samaki, tunaanika mihogo,
na jambo la aibu likitoka nje
tunasema limeanikwa: liko juani,
mbele ya majirani na inzi.
Kabla ya Uvinza nilikuwa nimefuta siku tatu.
Grafu ikabaki na pengo
kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.
Chini yake nikaandika:
Mvua. Nailoni ilichanika. Ndoo mbili zilitupwa.
Kikaushio hiki hakiwezi masika, bado.
Msimamizi aliikata "bado" kwa wino mwekundu,
si neno la kitaalamu. Niliirudisha.

Jopo liliniuliza pengo, pengo, pengo.
Feni zangu hawakuzigusa, wala hesabu ya joto
iliyonila miezi miwili.
Nikajibu mvua, hadi neno likaisha maji.
Butoyi alipata A. Nilimpongeza, nikala pilau yake.
Yangu ni B, na haina nyongeza mkiani.

Nimerudi Kibirizi na nailoni nene zaidi.
Ndoo mbili nimelipa moja.
Mama Nzobona kanikopesha ya tatu,
kaniwekea mlangoni mwa kikaushio, ingali inadondosha maji ya ziwa.
"Hawa nao tukiwamwaga," akasema,
"andika."